Mshika Mkanda wa Burkhalter

Royce Tackett alikuwa na kazi ambayo hata mama yake aliona haya kuitaja kanisani. Kazi yenyewe ilikuwa kumshika mtu mzima mkanda wa suruali. Si utani. Kila Jumamosi ya msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, mbele ya maelfu ya watu waliovaa kijani kuanzia kofia hadi soksi, Royce alisimama nyuma ya Kocha Burkhalter wa timu ya chuo chetu, akapenyeza vidole vyake vinene kwenye ule mkanda, akakaza, asiachie mpaka mchezo uishe.

Na si kwamba Burkhalter alikuwa mgonjwa au mlevi. Alikuwa moto tu. Mpira ukikolea alisahau yuko wapi. Anatembea, anatembea, mara unamwona ndani ya uwanja, katikati ya wachezaji, anamfokea refa puani. Sasa kocha akivuka ule mstari mweupe wa pembeni mwa uwanja, mara ya kwanza ni onyo. Akirudia, kibendera cha njano kinarushwa na timu nzima inaadhibiwa kwa ajili ya miguu ya mzee mmoja. Ndiyo maana timu kubwa zote zina mtu wa kumvuta kocha nyuma, na mtu huyo lazima awe na kifua. Royce alikuwa nacho.

Kifua hicho alikipata Brandt, chuo kidogo huko Ohio ambacho uwanja wake umepakana na shamba la mahindi, alikocheza beki wa kati. Hakuna mtoto wa Brandt anayetoka pale kwenda kucheza mpira wa kulipwa. Ni wafupi, ni wazito, hawana mbio. Lakini kufundisha! Hapo usiwaguse. Bwaloni walikuwa wanakula huku wanagombana juu ya mbinu, chumvi ni beki, chupa ya sosi ni mshambuliaji, chakula kinapoa hakuna anayejali. Lonnie Voss, aliyelala kitanda cha pili chumbani kwa Royce, sasa alikuwa anafundisha timu ya kulipwa, unamwona kwenye televisheni kila Jumapili amejiziba mdomo kwa karatasi ya mbinu asisomwe midomo. Mwingine alikuwa anaongoza ulinzi wa chuo kimoja kikubwa sana cha kusini. Na Royce? Royce alishika mkanda. Siku nyingine za wiki alisimamia chumba cha vyuma, anapangusa mabenchi, anahesabia vijana wanaonyanyua uzito. Wachezaji walimwita Kocha Mkanda, na yeye aliitikia.

Alichokitaka kilikuwa kimoja: kuwafundisha mabeki wa kati wa Burkhalter. Mara mbili nafasi ile ilikuwa wazi, na mara mbili mzee alileta mtu wa nje. Royce alikaa akatafakari, akajipa jibu mwenyewe. Aliona kwamba mtu mwenye moto kama Burkhalter anataka watu baridi wa kumzunguka. Basi akajipoza. Timu ikifunga, benchi zima linaruka, yeye amekita miguu chini uso haujatikisika. Timu ikifungwa, vilevile. Akawa na nidhamu ya ajabu, akajisifu nayo kimoyomoyo. Mkewe Kendra, akimtazama kwenye televisheni, alimtania kwamba anafanana na mtu anayengoja zamu yake kwa daktari wa meno.

Mwaka huo, msimu ulipoanza, Kendra alimwambia wakiwa mezani kwamba baba yake angemwekea nafasi katika duka lake la mazulia kule Ohio. Msimu ukiisha bila kazi ya kufundisha, warudi nyumbani. Royce alitafuna chakula chake, akasema sawa. Moyoni mlikuwa mnawaka moto wa makaa, lakini alishajizoeza kujipoza, na mazoea hayaachwi mlangoni pamoja na viatu.

Wiki ya mechi ya mwisho, habari zikavuja kwamba Fenner, kocha wa mabeki wa kati, anaondoka kwenda timu ya kulipwa. Royce alipanda ngazi za ofisi ya Burkhalter siku hiyohiyo. Akaomba nafasi kwa sentensi mbili, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kiberiti. Mzee alihamisha jojo lake la kutafuna kutoka shavu moja hadi jingine.

"Nitafikiria," alisema. "Jumamosi nishike vizuri."

Jumamosi ikafika, na baridi yake ya mwisho wa Novemba, na wale mahasimu wetu wa Tolliver waliojaza kona nzima na wekundu wao na matarumbeta yao. Jamani, mechi ile! Walifunga, tukafunga. Tukafunga, wakafunga. Kabla ya mapumziko Burkhalter alimburuta Royce hatua kadhaa, akaugusa uwanja kwa kiatu kimoja, refa akampa onyo. Kuanzia hapo Royce alifunga mkanda ule kwenye ngumi mbili, maana sasa kosa moja tu lingetosha kutuzika.

Mpaka tunafika mwisho, tulikuwa mbele kwa pointi nne, na Tolliver wana mpira karibu kabisa na mstari wetu wa goli. Limebaki jaribio moja tu. Wakivuka, wanapata pointi sita, wameshinda. Tukiwazuia, tumeshinda. Kibendera kikirushwa upande wetu, wanasogezwa karibu zaidi na wanarudia. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti, wengine wamefumba macho, mama mmoja nyuma ya benchi anasali kwa sauti.

Katikati ya safu yetu alisimama Pettway, beki kijana ambaye kila asubuhi, baada ya vyuma, alibaki na Royce wakirudia jambo lilelile moja: usikimbilie, mwache mkimbiaji mwenye mpira aje, halafu mkumbe. Pettway alikuwa na pupa. Msimu mzima pupa ile ilikuwa imemponza.

Mpira ukatoka. Mkimbiaji wa Tolliver akaupokea, akainama kushoto. Pettway akataka kwenda, na hakwenda. Alingoja. Royce aliona ile kungoja. Aliiona kabla uwanja mzima haujaiona, na miaka yote ikampanda kwa mpigo mmoja. Vidole vikaachia mkanda. Mshika mkanda akamruka kocha wake, akaenda mbio kuelekea uwanjani, mikono juu, anapiga kelele kama nyumba inaungua.

Na mpira bado uko hai!

Ncha za viatu vyake zilikuwa zimegusa chokaa ya ule mstari wa pembeni pale alipohisi mkono umemkamata kiunoni kwa nyuma. Ulikuwa mkono wa Burkhalter. Mzee wa miaka sitini na mbili, kofia imeanguka, kisikilizi kinaning'inia shingoni, amekita visigino chini na anavuta kwa nguvu zake zote. Wakaanguka wote wawili chali. Refa akageuka, akatazama mstari, akatazama lile rundo la watu wazima kwenye majani, mkono wake ukiwa mfukoni mwenye kibendera. Akauacha humohumo. Mbele yake Pettway na mkimbiaji walikuwa wamegongana hewani, na mkimbiaji alikuwa ameanguka kabla ya mstari wa goli: hakufika.

Uwanja ulipasuka. Watu wasiojuana walikumbatiana, matarumbeta yetu yakazima yale ya kwao, Pettway akabebwa juu. Royce peke yake alibaki amekaa chini. Alikuwa na kazi moja, na ameiharibu mbele ya nchi nzima.

Jumapili asubuhi akaitwa ofisini. Alivaa shati safi, kama mtu anayekwenda kuzikwa. Burkhalter alimwambia akae, yeye akasema kusimama kunamtosha.

"Jana ulikuwa unapiga kelele gani?" mzee aliuliza.

"Sikumbuki, Kocha. Nilikosa. Sina la kujitetea."

"Mimi nakumbuka. Ulikuwa unasema, 'Amengoja! Amengoja!' Umenipasua sikio la kushoto, mpaka sasa linalia." Akatema jojo kwenye karatasi. "Tackett, miaka mitatu umenishika kiuno sijasikia hata pumzi yako. Tumeshinda, kimya. Tumepigwa, kimya. Fenner alinijia mara mbili kukuombea nafasi yake. Nilimwambia, Tackett mpira umeshamtoka, yupo hapa kwa kukosa pa kwenda. Nitamkabidhije vijana?"

Royce akakaa, bila kukaribishwa tena.

"Nilidhani unataka mtu mtulivu," alisema.

"Nani alikwambia? Mimi?"

Hakuna aliyemwambia. Royce aliipekua miaka yote mitatu kichwani, hakuna. Alitaka kucheka, alitaka kuipiga meza ngumi. Burkhalter akasema mabeki wa kati ni wa Royce kuanzia leo, na mtu wa kumshika mkanda atatafutwa, tena watafutwe wawili, maana sasa wagonjwa ni wawili.

Royce alishuka ngazi akiruka tatu tatu. Kwenye maegesho akampigia mkewe.

"Wamekufukuza?" Kendra aliuliza.

"Wamenipa mabeki."

Kisha akapayuka. Alisimulia yote bila mpangilio, anazunguka gari, anapiga boneti kwa kiganja, Pettway, mstari, mzee chali, sikio, na machozi yanamtiririka hadharani wala hajali nani anapita. Aliposita kuvuta pumzi, akasikia upande wa pili mkewe anapenga kamasi.

"Kendra?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa imelowa. "Royce, mimi nilimwomba baba ile nafasi kwa sababu nilidhani umechoka. Nilidhani huupendi mpira tena, na unaona aibu kuniambia. Mbona hukusema?"

Alisimama pale, mkono juu ya boneti yenye baridi. Akamwambia kwamba anaupenda. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka watu wawili waliokuwa wakitoka kanisani ng'ambo ya barabara wakageuka kumtazama.