Ugonjwa Uliotoka Kwenye TV

Juzi, nikisubiri kuonana na daktari, niliona kwenye TV ya ukutani mchezo wa hospitali. Mgonjwa mmoja, mama mzima, mdomo wake ulienda upande. Papo hapo nikasikia harufu ya maharagwe yakichemka mtaani kwetu Section 58.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, nilikuwa sebuleni na shosho, mamake baba, tukitazama mchezo kama huo. Mgonjwa akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Nilipogeuka kumuuliza shosho yule ana nini, mdomo wake pia ulikuwa umeenda upande. Aliniambia kitu polepole, kwa sauti nzito, na sikuelewa hata neno moja.

Niliamini ugonjwa umetoka kwenye kioo, nikazima TV ili urudi humo. Nyumba ilinyamaza, lakini shosho akaendelea kuongea. Nikamkimbilia mamangu jikoni.

"Mum, shosho ameshikwa na ile ya TV."

Leo najua kilikuwa kiharusi. Walimwahisha hospitali, akapona, akarudi akiongea vizuri. Lakini mpaka alipofariki aliniita Njoki, jina la dadake aliyekufa akiwa mtoto.

"Njoki, huko kuna baridi?" alikuwa akiniuliza.

"Hakuna, shosho," nilimjibu. "Huku kuko sawa."