Kupe wa Fahali wa Harusi

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Zoubeida alimpekua ng'ombe wake kama mama anavyompekua mtoto anayesoma shule yenye chawa: nyuma ya masikio, chini ya mkia, kwenye mikunjo ya kiwele. Alimsemesha kwa lugha ya Nzuani, maana hapo Ntsoudjini, kaskazini kidogo ya Moroni, hakuwa na mwingine wa kumsemesha hivyo. Ng'ombe aliitwa Marashi. Alivushwa kutoka Mutsamudu, kisiwani Nzuani, angali ndama, zawadi ya kaka yake Fayçal.

Zoubeida naye alikuwa amevushwa. Katika visiwa hivyo vya Komoro mume ndiye humfuata mke nyumbani kwao, lakini yeye alifanya kinyume. Alimfuata Assoumani, fundi wa kuchonga milango, hadi kisiwa hiki cha Ngazija, na kwao Hombo, Nzuani, wakamcheka mpaka wakachoka. Assoumani alipofariki, akabaki katika chumba kimoja kwenye kiwanja cha wifi yake, Bahia. Ardhi huko hurithiwa na wanawake, kwa hiyo hata mumewe alipokuwa hai, pale hapakuwa pake.

Binti yao, Noussaïba, alikuwa amerudi Hombo na kuolewa huko, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Mpango wa Zoubeida ulikuwa mmoja tu: avuke na Marashi kabla ya uzazi, mzazi apate maziwa ya nyumbani, naye asirudi tena Ngazija. Lakini mwaka ule Nzuani ilijitenga kwa mara ya pili. Serikali ya Moroni ikazuia vyombo kuvuka, simu zikakatwa, na yeye akabaki na kamba ya ng'ombe mkononi.

Alipokwenda soko la Volo Volo kuuza maziwa, muuza samaki mmoja hakuacha kumchokoza.

"Mnzuani, mkubwa wenu anasemaje leo?"

"Kwani mimi ndiye ninayemshonea kofia?"

Watu wakacheka, na muuza samaki akacheka pia. Lakini Zoubeida aliona kwamba waliokuwa wakinunua maziwa yake bila kuuliza, siku hizi walikuwa wakiuliza. Alizoea kuona. Usiku aliamka kusikiliza kama mlango umefungwa, na mchana alihesabu nani amemsalimu na nani amepita.

Basi ndiyo maana Bahia alipomjia na habari ya fahali, hakuweza kukataa. Mwana wa Bahia, Issouf, alikuwa akifanya harusi kubwa, ile ambayo bila hiyo mwanamume wa Ngazija hakai mbele msikitini. Fahali wa harusi walikuwa wameshushwa bandarini kutoka bara. Walikuwa na nundu, na manyoya yao yaling'aa utadhani wamepakwa mafuta.

"Wifi, nyuma ya chumba chako ndiko kwenye majani," Bahia akasema. "Wafungwe hapo mpaka siku ya shughuli. Watu waje wawaone."

Zoubeida akawatazama. Ndani ya masikio yao aliona kupe wadogo wa rangi ya kahawia, wengi, wamejibanza kama kunde. Hakuwahi kuona kupe wa namna ile Hombo.

"Wana kupe, wifi."

"Ng'ombe gani asiye na kupe? Au unataka watu waseme Mnzuani amefukuza harusi?"

Alisema kwa mzaha, lakini neno lile likamchoma. Zoubeida akawafunga fahali karibu na Marashi, akawakatia majani kwa mkono wake, na watu waliokuja kuwatazama wakamsifu. Kwa siku zile chache alisalimiwa na kila mtu.

Harusi ikafika, fahali wakachinjwa, wakaliwa, wakasahauliwa. Pale walipokuwa wamefungwa, kwa samadi yao, majani yakachipua mazito kuliko mahali pengine pote. Kwao Nzuani mtu hukata majani akampelekea ng'ombe. Majani mazuri hayaachwi yakazeeka. Zoubeida akakata hayohayo, akambebea Marashi mafungu kwa mafungu. Bahia naye akaja kukata, akawapelekea ng'ombe wake wawili.

Ukapita mwezi na zaidi. Siku moja Marashi hakuinuka. Chini ya sikio kulikuwa na tezi kubwa kama limau, mwili unawaka, pumzi fupi. Ng'ombe mmoja wa Bahia akafa wiki hiyo, povu jeupe puani. Wa pili akafuata.

Aliyekuja alikuwa Elamine, mganga wa mifugo, kijana aliyesomea bara. Akapapasa ile tezi, akauliza kama kuna ng'ombe wageni waliopita pale.

"Walipita," Zoubeida akasema. "Lakini walikuwa wazima kuliko wote. Tumewala."

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Ugonjwa huu kwa Kiswahili unaitwa ndigana kali, huletwa na kupe. Ugonjwa umeishi na ng'ombe wa bara tangu kale. Walioshindwa nao walikufa bila kuacha ndama, walioweza ndio waliozaa. Na ugonjwa nao vilevile. Ule uliomuua ng'ombe haraka mno ulizikwa naye, kupe hakuwahi kuuchukua. Uliobaki ni ule unaojua kukaa. Hawapendani, lakini wamezoeana."

"Na huyu wangu?"

"Huyu hajazoeana na yeyote. Wazazi wake hawakuwahi kukutana na ugonjwa huu. Fahali mmewala, lakini kupe wao walidondoka majanini wakabadili ngozi, wakangoja."

Zoubeida akayatazama mafungu ya majani yaliyoegemezwa ukutani. Akayabeba yote, akayachoma.

Elamine alimdunga Marashi sindano, akarudi akamdunga tena. Zoubeida alilala kando yake juu ya mkeka, akimpa maji kwa kikombe. Hakuna jirani aliyekuja kukaa naye. Kila mtu alikuwa anaogopa kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe wake. Marashi alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Kisha asubuhi moja akanyoosha ulimi, akalamba kikombe. Akapona.

Ilikuwa Machi askari wa serikali walipoteremka Nzuani na kujitenga kukaisha. Simu zikarudi. "Mama, njoo," Noussaïba akasema, "nimekuwa mzito, siwezi hata kufunga viatu." Zoubeida akashuka bandarini Moroni, akapata nahodha aliyekubali kumpakia ng'ombe. Hakuna aliyeuliza cheti cha afya ya ng'ombe. Alikuwa ameshasuka kamba mpya alipomwita Elamine amtazame Marashi mara ya mwisho.

"Ni mzima," Elamine akasema. "Lakini usimvushe."

"Umesema ni mzima."

"Mzima kama wale fahali. Sasa ugonjwa anao damuni, wamezoeana. Kupe mmoja akibaki sikioni mwake akashuka kule, ng'ombe wa kwenu watakuwa kama yeye alivyokuwa. Sina mamlaka ya kukuzuia. Nakwambia tu."

Siku ile nzima Zoubeida alikaa kizingitini. Hakuna ambaye angejua. Fayçal angempokea Marashi kwa furaha, angemfunga pamoja na ng'ombe wake, pamoja na yule aliyemzaa. Na mwezi na zaidi ungepita.

Jioni Bahia akaja, akasimama mbali kidogo. Tangu ng'ombe wake wafe hawakuwa wamezungumza.

"Wifi, niachie mimi. Zizi langu tupu. Amebaki nani wa kuambukizwa? Labda mimi."

Zoubeida akacheka, kisha akashika ncha ya leso yake usoni, na wifi yake akangoja amalize.

Akavuka peke yake. Teksi ikamshusha Hombo adhuhuri. Ng'ombe wa Fayçal walikuwa wamefungwa kando ya njia iingiayo nyumbani, na mmoja akamnyooshea shingo amnuse. Zoubeida akarudi nyuma, akazunguka kwa njia ya mawe mpaka uani.

Noussaïba akatokea mlangoni, tumbo limemtangulia. Akatazama nyuma ya mama yake.

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Amebaki."

"Umemuuza?"

"Sikumuuza. Usinisogelee, mwanangu. Niletee beseni na maji yanayochemka."

Akavua shiromani yake, lile vazi jekundu la kwao, akaketi juu ya jiwe, akaanza kuupekua upindo kwa ukucha, kidogokidogo, huku binti yake amesimama na beseni, akimtazama bila kuelewa.

"Mama, umetoka mbali. Si uingie kwanza?"

"Nitaingia," Zoubeida akasema, akageuza upande wa pili wa nguo.