Pua Kavu ya Baba

Harufu ya ngozi mbichi ndiyo iliyojaa nyumba yetu kule Guta, masika yale ya enzi za Mwingereza. Ng'ombe wetu alikuwa amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani. Kwetu mnyama hakutupwa. Nyama iligawiwa majirani, ikachemshwa mpaka ikalainika, na kuikataa kulikuwa sawa na kumtukana mwenye mji. Ngozi baba aliiweka iwe ya kitanda changu, cha kwanza maishani. Kwa kuwa mvua haikukatika, aliiwamba ndani karibu na jiko, na kila asubuhi akaikwangua na kuipigapiga kwa fimbo. Vumbi lilimrudia usoni, naye akacheka tu.

Kijiji kizima kilikuwa na mafua. Sisi watoto tulipenga makamasi kutwa, mama akitufukiza kwa majani ya mkaratusi. Baba aliposhikwa na homa, maumivu ya mwili na kikohozi kikavu, naye alifunikwa blanketi akafukizwa. Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema, lakini mawingu haya yalifanana mno. Akapata nafuu, akaomba uji wa mtama, tukamshukuru Mungu. Kisha kifua kikambana.

Shangazi, dada yake baba, alifika kutoka Kiabakari, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wifi, mwenye mafua anakuwaga anapenga. Huyu pua yake kavu, na pumzi anaitafuta."

"Ni mafua tu, yanakuwaga hivi," mama alijibu kwa sauti ya mtu asiyelala.

Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, lori likampeleka Musoma. Hospitalini walisema ni kimeta, ugonjwa uliomuua ng'ombe wetu, kimeingia kifuani na vumbi la ngozi. Alifariki kabla mama hajapata pa kukaa. Bwana mifugo akaja kuichoma ile ngozi. Nilikililia kitanda, maana kumlilia baba kulinishinda.

Leo chanjo ya mifugo ipo, dawa ipo, zahanati haiko mbali. Lakini ng'ombe akifa ghafla, sahani ya nyama bado huletwa mlangoni, imefunikwa vizuri, na kila homa huitwa mafua. Nimesema mpaka nimechoka. Wajukuu wananicheka kwa kuwa wakiugua nawashika pua kabla ya kipaji cha uso. Wakinipaka makamasi mkononi, namshukuru Mungu, kisha naenda kunawa.