Shingo Mpya ya Trekta la Arvid

Arvid Kemppainen alikuwa mtu wa kutengeneza vitu. Kabla ya kustaafu alimaliza miaka yake chini ya malori ya kubebea magogo, akiyatengeneza, na hata alipostaafu mikono yake haikukubali kukaa bure. Mkewe, Darlene, alizoea kukuta matumbo ya redio mezani wakati wa chakula, na majirani wa barabara ya Salo walizoea kumpigia simu yeye kabla ya kumpigia fundi wa kulipwa. Kila majira ya baridi, theluji inayoletwa na upepo wa ziwani ilipoanza kumwagika, aliwasha trekta lake la zamani lenye mashine ya kurushia theluji nyuma, akafungua njia ya kwake, kisha akavuka barabara kufungua ya Mama Lempi Ruona, mjane wa miaka themanini na kitu aliyekuwa zamani mpishi wa shule aliyosoma Arvid. Hakuna aliyemwomba wala aliyemlipa. Huko kwao mwenye trekta humfungulia njia asiye nalo, basi.

Februari ile bidii yake ilizidi kipimo. Aling'oa hendeli ya kuzungushia shingo ya mashine, lile bomba refu lililopinda ambalo hutema theluji pembeni, akaazimia kuifanya izunguke kwa umeme. Miaka yote alikuwa ameizungusha kwa mkono: anarudi kinyumenyume, kichwa kimegeuzwa nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili unasaga hendeli mizunguko mingi ili shingo isogee kidogo tu. Barafu ilipoingia kwenye meno ya gia, hendeli iligoma kabisa.

"Hilo lilihitaji kufanywa zamani," Darlene alisema akiwa amesimama kwenye mlango wa gereji. "Mbona leo?"

"Bega linauma."

"Bega lako linauma tangu Gwen wa Lempi aolewe, na sasa Gwen ana wajukuu. Na kibao changu cha kukatia mboga kiko wapi?"

Arvid alinyoosha kidole. Kibao cha plastiki kilikuwa kimekatwa duara na kulazwa chini ya shingo ya mashine ili chuma kisisage chuma.

"Kimekuwa beringi," alisema.

"Basi jioni utakatia vitunguu kwenye beringi."

Siku nyingine angecheka. Safari hii aliinama tena kwenye kazi yake. Mota aliitoa kwenye mlango wa gari bovu, ile inayopandisha na kushusha kioo, kwa sababu ina nguvu na inakubali kuzunguka pande zote mbili. Aliiunga mahali pa hendeli, akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, kisha akafunga swichi karibu na kiti. Mara ya kwanza mota ilivunja kishikizo chake na kujizungusha yenyewe, shingo ikabaki imeduwaa. Alichomelea kishikizo kinene zaidi. Kila bolti aliyokaza, alijiambia kwamba jambo lile halitatokea tena.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwezi uliotangulia, jioni ya upepo mkali, alikuwa akifungua njia ya Lempi. Penye kona ya jikoni, shingo ilitakiwa kugeuzwa ielekee barabarani, maana ukutani hapo, chini ya dirisha, pana mabomba mawili meupe ambayo mtambo wa kupashia nyumba joto hupumulia. Hendeli ilikuwa imeganda. Arvid aliisukuma mara mbili, bega likamchoma. Akajisemea, leo tu, theluji kidogo haitadhuru, akapita hivyo hivyo. Theluji yote ikarushwa ukutani.

Mabomba yalizibwa, mtambo ukajizima, Lempi akalala bila kujua. Asubuhi bomba la maji la bafuni lilikuwa limeganda na kupasuka, na bibi mwenyewe amejikunyata jikoni kwa koti la marehemu mumewe. Alimpigia Arvid kwanza. Arvid alikimbia na koleo la kuzolea theluji, akaliona lile tuta la theluji, akalifukua kwa haraka. Wakati ule alikuwa akisaidia tu, hakuwa na nia nyingine. Lakini fundi wa mitambo alipofika, akauwasha mtambo ukanguruma vizuri, akakagua ndani na nje asione kasoro, alisema, "Huu ni mzima. Kuna mtu aliuzima." Wote wakamtazama Lempi.

"Labda niligusa swichi," Lempi alisema polepole. "Sikumbuki kugusa."

Arvid alikuwa amesimama pale pale, koleo mkononi. Alinyamaza.

Alidhani maneno hayo yangepita, ila hayakupita. Gwen, binti pekee wa Lempi, alikuja kutoka mji wa Green Bay anakoishi, akasikia habari, akaogopa. Akamtafutia mama yake chumba katika nyumba ya kutunzia wazee, karibu na kwake. Na Lempi, ambaye hajawahi kukubali hata kuambiwa avae kofia, alikubali. Aliogopa kichwa chake mwenyewe.

Dukani kwa Rudy, wanaume wanakokunywa kahawa wakisubiri barabara zifunguliwe, habari mbili zilikwenda pamoja.

"Nasikia trekta lako sasa linageuza shingo kama bundi," Rudy alimwambia.

"Linageuza."

"Uzee ukikuharibu bega, unanunua swichi. Ukikuharibu kichwa je? Maskini Lempi. Kuzima joto Januari."

"Mke wangu anasema alianza zamani," mwingine akadakia. "Aliwahi kutia chumvi mara mbili kwenye supu ya kanisa."

"Wewe supu ile ulirudia bakuli mbili."

Wakacheka. Arvid aliacha kahawa yake mezani, akatoka.

Jumamosi ambayo Gwen alipanga kumhamisha mama yake, theluji ilianguka tangu alfajiri. Arvid alivuka barabara na trekta. Alibonyeza swichi kwa kidole kimoja, na shingo ikazunguka taratibu, ikatema theluji upande wa barabara, mbali kabisa na ukuta. Mashine ilifanya kila alichoitaka ifanye. Moyo wake haukupata nafuu hata chembe.

Gwen alimwita kutoka barazani. Jikoni masanduku ya karatasi yalikuwa yamejaa, sahani zimefungwa magazetini. Lempi alikuwa mezani, mikono juu ya mapaja, kama mtoto aliyeambiwa asubiri.

"Mzee Arvid, nisaidie," Gwen alisema kwa sauti ya chini. "Tangu jana hajala. Wewe anakusikiliza. Mwambie kwamba inamfaa kwenda."

Arvid alivua glavu. Alimtazama Lempi, akatazama chini.

"Mama Lempi, ile hendeli yangu ilikuwa imeganda," alianza. "Upepo ulikuwa mbaya, na bega hili..."

"Najua bega lako. Sema unalotaka kusema."

"Nilirusha theluji ukutani. Nikaziba mabomba ya mtambo. Asubuhi nikayafukua kabla fundi hajaja, na aliposema umezima wewe, nilinyamaza."

Gwen aliweka chini sahani aliyokuwa akiifunga. "Ungemuua," alisema. "Unajua hilo? Na ukawa unakuja hapa, unatusalimia."

"Najua."

"Kwa hiyo sikugusa," Lempi alisema.

"Hukugusa."

"Kila asubuhi nikiamka nataja majina ya watoto wote niliowapikia, darasa kwa darasa. Nikikwama jina moja nasema, haya, ndiyo inaanza." Hakupandisha sauti. "Wewe jina lako nimelitaja kila siku, Arvid. Na ulikuwa ng'ambo ya barabara, unafunga swichi."

"Sasa inageuka vizuri," Arvid alisema, na maneno yakamtia aibu kabla hayajamalizika.

"Nimeiona. Theluji ningekusamehe leo hii. Mashine ni mashine, na wewe si kijana." Alisimama, akashika ukingo wa meza. "Gwen, rudisha sahani kabatini."

"Mama, tuzungumze kwanza."

"Tutazungumza nikishapata sahani ya kulia." Kisha akamgeukia Arvid. "Kwa Rudy pamefunguliwa?"

"Pamefunguliwa."

"Ndiko waliko wanaonihurumia. Nenda ukawaambie, sasa hivi, ukiwa umesimama. Na usianze na barafu wala bega. Anza na koleo."

Alikwenda na trekta lile lile, kwa kuwa ndilo lililokuwa limewashwa. Njiani theluji ilimpiga usoni naye hakujifunika. Wanaume walimwona dirishani, na Rudy akatoka hadi mlangoni akifuta mikono.

"Hebu tugeuzie hiyo shingo tuone," alisema. "Hawa hawaamini kuwa ni mota ya dirisha."

"Baadaye," Arvid alisema. "Ingieni ndani kwanza nyote, nina neno."

Waliingia. Mmoja akamvutia kiti, akakikataa. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, theluji ikidondoka sakafuni.

"Asubuhi ile kwa Lempi," alisema, "mimi ndiye niliyefika kwanza, na nilikuwa na koleo."