Kona ya Kushoto ya Tela la Babu

Fundi alinipigia simu mchana, na kabla hajasema neno nilijua ni habari ya tela. Mwenye karakana pale Bariadi mjini hapigi simu kukuulizia afya yako.

"Dada mkubwa," akasema, "njoo mwenyewe uone, mimi nimenyoosha mikono. Springi nimeweka mpya, matairi mapya, ekseli nimeitoa nikaikagua, haina tatizo. Nimeweka pima maji kwenye sakafu. Hili tela bado linalala kushoto."

Nikamwambia ajaze tangi la maji, ambalo tulikuwa tumelifunga upande wa kulia.

"Limejaa, dada. Bado."

Basi badala ya kushangaa nilijikuta nimekaa kwenye ngazi za ofisi kule Mwanza, simu mkononi, na pua imejaa harufu ya michembe ya viazi inayokauka juani.

Labda nikueleze kwanza, maana hata ndugu zangu hawanielewi. Ukubwani nimeingiwa na wazimu wa kwenda kulala porini. Napakia jiko la gesi, viti vya kukunja na hema, nashika njia za vumbi mpaka mahali ambapo simu haishiki, na huko nakuwa na furaha ambayo siipati kitandani kwangu. Shangazi zangu wananicheka kila tunapokutana. Una nyumba ya bati, wanasema, ina vitasa, halafu unakwenda kulala na fisi kwa hiari yako! Nilipopata wazo la kutafuta tela imara la kuvuta nyuma ya gari, lenye droo za vyombo, tangi, sola na hema juu yake, sikufikiria kununua jipya. Nililikumbuka tela la babu. Mjomba wangu, anayeishi mpaka leo kwenye ule mji wa babu, alinijibu haraka kuliko nilivyotarajia. Lichukue, alisema, linanichosha macho.

Babu huyo ni baba yake mama, na kwake ndiko nilikokulia, kijiji cha ng'ambo ya mto, si mbali sana na Bariadi. Enzi za trekta lake, tela lile la chuma lenye kuta za mbao lilibeba pamba hadi kiwandani, likabeba mahindi, maji, harusi, wagonjwa, kila kitu. Mimi nilipopata akili trekta halikuwepo tena. Tela lilikuwa limebaki peke yake kando ya ua wa minyaa, mkono wake wa kuvutia umeegemezwa juu ya jiwe, na bibi alikuwa ameligeuza kichanja. Alikata viazi vitamu vipande vyembamba akavianika humo viwe michembe, na msimu wa kunde akaanika nsansa, yale majani yaliyochemshwa ambayo yakikauka hunukia vizuri kiasi kwamba unaweza kuyala bila ugali. Kazi yangu ilikuwa kupanda na kuvigeuza vipande vile kimoja kimoja huku chuma kikinichoma nyayo, na kufukuza kuku. Nilipenda kazi hiyo kuliko kuchota maji, sina haja ya kukudanganya.

Lakini kona moja, ya nyuma upande wa kushoto, haikuwekwa kitu. Michembe ingejaa mpaka ikapandana, na pale pangebaki peupe, nafasi ya kumtosha mtu mmoja kukaa. Nilipouliza, bibi alijibu, "Hapo paache," kwa sauti ileile aliyotumia kutukataza kukalia kiti cha mgeni ambaye ametoka kidogo tu.

Na tela lililala upande huo. Kwetu udongo ni mweusi, ule wa mbuga unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania miguu mvua zikija, kwa hiyo watu walisema tairi limezama. Babu akatindua udongo, akaweka mawe bapa chini ya tairi, akalisawazisha. Hazikupita siku nyingi likalala tena. Nilichuchumaa nikatazama: mawe hayakuzama hata kidogo. Ni springi iliyokuwa imebonyea, kama inavyobonyea mtu akikaa.

Kulikuwa na mambo mengine, madogo madogo, ambayo mtoto huyazoea kama anavyozoea mlango unaolia. Mchana wa jua kali, upepo hakuna, kuku wamelala chini ya ghala, ungesikia springi ikilia mara moja, taratibu, halafu kimya. Jioni ng'ombe wakirudi, jike mmoja mwekundu alikuwa akiacha wenzake waende zizini, anakwenda kwenye ile kona, ananusa, analamba ubao mpaka anafukuzwa kwa fimbo. Binti wa jirani, rafiki yangu wa kucheza, alikaa pale siku moja tukicheza safari. Akashuka polepole akaenda kwao, na hakurudi kucheza kwetu msimu mzima. Mama yake alikuja kumweleza bibi kwamba mtoto anasema hakusukumwa wala hakuguswa, alipishwa. Mtu alisogea kidogo ili na yeye apate nafasi.

Bibi alisikiliza, akamkaribisha mgeni wake maziwa ya mgando.

Mimi sikuogopa. Hilo ndilo linalonisumbua nikikumbuka. Nilifanyia kazi za shule kandokando ya kona ile, nimeegemea ubao wa nyuma, nikisoma kwa sauti ingawa hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Nilipofokewa na mwalimu nilikwenda kulia pale. Wenzangu walikuwa na mama wa kuwakimbilia. Wangu alifariki nikiwa bado wa mgongoni. Niliambiwa alifia hospitali, basi, na kaburi lake lilikuwa palepale nyumbani, nyuma ya zizi. Bibi alilifagia, akaling'olea majani, lakini sikumsikia hata siku moja akiongea pale. Maneno yake aliyapeleka kwenye tela. Jioni alisimama karibu nalo na kibuyu cha maziwa, akanong'ona Kisukuma kilaini sana, akamwaga tone chini ya ile kona, akarudi jikoni akijifuta macho kwa khanga. Nilidhani ni moshi.

Baada ya simu ya fundi niliendesha gari hadi kwa mjomba. Nilimkuta amekaa nje, anapukuchua mahindi. Amezeeka ghafla siku hizi.

"Mwadila, mjomba."

"Mwadila, mpwa wangu. Mhola?"

"Mhola. Ila tela linanisumbua. Linalala."

Mikono yake ikasimama. Hakuuliza linalala upande gani. Alitazama pale kando ya minyaa ambapo tela lilikaa miaka yote, ambapo nyasi zilikuwa bado hazijaota, kisha akaanza kusema bila kuniangalia.

Kwetu, sijui kama kwingine wanafanya hivyo, mtu akibebwa, awe mgonjwa au marehemu, haachwi kimya njiani. Mkifika mtoni anaambiwa tunavuka. Mkitoka ng'ambo anaambiwa tumevuka, twende. Asipoambiwa hajui kwamba safari inaendelea, anabaki amekaa anasubiri kuambiwa. Hii ni kazi ya ndugu wa karibu, na siku ile ndugu wa karibu alikuwa mjomba mwenyewe, kijana, ndiye anayeendesha trekta. Walikuwa wanamrudisha mama yangu kutoka hospitali ya Bariadi. Amelazwa ndani ya tela, amefunikwa khanga mbili, na bibi amekaa pembeni yake akiwa na mimi mgongoni.

"Mchanga ukatunasa katikati ya mto," mjomba akasema. "Maji yanapanda, huko juu mvua inanyesha. Wanaume wote wakaruka chini, wanasukuma, wanapiga kelele, sukuma, rudi, sukuma. Mimi natukana injini. Tukatoka. Nakwambia tulishangilia, mpwa wangu. Tulishangilia tela limetoka. Tukaenda mpaka nyumbani, ndipo mayu, mama yetu, akaniuliza, mmemwambia? Nikatazamana na wenzangu. Hakuna aliyemwambia."

Bibi alitaka tela lirudishwe mtoni kesho yake hata kwa kukokotwa na ng'ombe, livushwe upya. Babu, mtu wa kanisa, alikataa. Alisema mtoto wake yuko mikononi mwa Mungu na hataki kusikia habari za mito. Alipofariki babu, bibi mwenyewe hakuwa na nguvu tena hata za kupanda kwenye tela. Akamtunzia binti yake kona, basi, na akafa bado anaitunza.

"Mimi nimevuka daraja naye," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Niliwaza jinsi nilivyolivuta tela lile hadi mjini, muziki umefunguliwa, nikiimba. "Nimemrudisha Bariadi."

"Daraja halikuwepo. Yeye halijui," akasema mjomba. "Mpitishe palepale."

Tulilichukua tela karakana siku iliyofuata. Lilikuwa limependeza, acha nilisifie: rangi ya kijani kibichi, droo za vyombo zinateleza bila kelele, hema limekunjwa juu, mkono wa kuvutia umechomelewa upya. Na limelala kushoto. Fundi alilipiga tairi teke dogo akasema samahani dada, mimi sijawahi kushindwa. Nikamwambia hajashindwa.

Kivuko cha zamani hakitumiki siku hizi. Ilikuwa jioni ya kiangazi, jua limeshuka, mto ni mchanga mtupu na mkondo mwembamba wa maji katikati. Nikaingiza gia ya porini, tukateremka. Tairi za gari zilishika vizuri. Nyuma yangu nikasikia springi ikilia, ile sauti ya utotoni, na katikati ya mto gari likawa zito kama vile tela limeongezewa mzigo. Nikasimama. Mjomba alikuwa amefumba macho.

"Mwambie," akasema.

"Ni kazi yako, mjomba. Wewe ndiye kaka yake."

"Mimi nilishindwa nikiwa na nguvu zangu. Atakusikia wewe."

Nikashuka. Maji yalinifika vifundoni. Ukimya wa pale sijausahau: hakuna ndege, hakuna kengele za ng'ombe, kana kwamba kila kitu kimegeuka kusikiliza. Nikaenda nyuma, nikasimama kwenye kona ya kushoto, mahali nilipokuwa nasomea, na hapo ndipo nilipotamani kugeuza gari. Nisikufiche. Mama yangu sina picha yake, sina sauti yake, sina nguo yake. Nilichokuwa nacho, bila kujua, ni uzito ule. Nikimwambia, anafika nyumbani alikokuwa anapelekwa. Nikinyamaza, namtembeza nami maporini mpaka nife, tunalala pamoja chini ya hema moja. Nani angenilaumu? Niliweka mkono kwenye ubao, ukawa na joto, lakini jua lilikuwa limeupiga mchana kutwa, kwa hiyo sitasema neno juu ya hilo.

Nikamkumbuka bibi na kibuyu chake.

"Mayu," nikasema. "Tunavuka."

Nikarudi kwenye gari nikaendesha, na machozi yalikuwa yananizuia kuona njia. Tela lilitufuata polepole. Tulipopanda ukingo wa ng'ambo nilisimama tena, nikaenda nyuma, nikasema yale mengine kwa Kisukuma changu kibovu cha mtu wa mjini: tumevuka, mayu, twende nyumbani. Nyumbani nikalisimamisha palepale kando ya minyaa. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamwambia amefika, ashuke.

Springi ikalia mara moja. Ubao wa kushoto ukapanda mbele ya macho yangu, taratibu, mpaka tela likakaa sawa. Kisha, kwa sababu tangi la kulia lilikuwa limejaa maji, likaendelea kidogo, likalala kulia, kama tela lolote la watu.

Ng'ombe wa mjomba walikuwa wanarudi. Nilisubiri nione. Wengine wakapitiliza, na jike mmoja, sijui kama ni wa ukoo wa yule mwekundu, akasimama karibu na tela. Hakunusa kitu. Akageuza kichwa, akatembea hadi nyuma ya zizi kwenye kaburi, akasimama pale ameinamisha shingo. Mjomba hakumfukuza.

Sasa ule mji unabomoka. Ghala limeanguka, minyaa imekatwa upande mmoja, hakuna anayeanika michembe kwa wingi ule, na watoto wa mjomba wanataka tofali za kuchoma na geti. Kivuko nacho kitasahaulika. Tela ndilo ambalo lingali na mimi, na linafanya kazi vizuri mno, nimefika nalo mpaka kwenye pori la akiba mahali ambapo magari mengine yamegeuza. Jioni natandika, nawasha jiko, nachemsha nsansa ninazonunua sokoni Bariadi. Halafu nakaa kwenye kona ya nyuma, upande wa kushoto. Springi inalia kidogo, tela linalala, na najua ni mimi tu.