Tundu la Panya Chini ya Mlango

Nimeinamia mpira wa mwisho wa shindano. Gofu ndiyo kazi inayonilisha, na leo majani ya uwanja yananuka salfa iliyonyunyizwa jana.

Utotoni, kwetu Newala, Mama alikuwa akipulizia mikorosho salfa ya kuzuia ukungu, mimi kanifungia ndani kwa komeo nisiungue macho. Salfa ile ingeliza hata jiwe!

“Mama, shikamoo, nifungulie!”

“Marahaba. Kaa humo humo.”

“Nikipitisha korosho kwenye tundu la panya, utafungua?”

“Haya, jaribu.”

Nikaipiga korosho kwa mwiko, ikagonga huku na huku mpaka kuta zikaomba huruma. Mwishowe korosho ikapenya chini ya mlango. Mama akacheka.

“Hiyo imetoka. Wewe subiri salfa itue.”

Shimo liko pale mbele. Nainua fimbo ya gofu, nami nasikia komeo la Mama likifunguka.