Siku Niliyowapigia Wageni wa Benki Matarumbeta

Ukitaka kunijua mie, nenda Lubumbashi, ingia duka la mtaani, uliza mche wa sabuni usiolegea majini. Watakupa wangu. Umetoka Temeke, kwenye kiwanja nilichokinunua mwenyewe, na aliyeupika darasa la saba lenyewe alilimaliza kwa huruma za mwalimu. Sisemi hivi kwa kujikweza. Haya, kidogo najikweza. Mtu aliyeanza na sufuria la kuazima kwa jirani ana haki yake.

Lakini kuna mwaka nusura sabuni hiyo ife, na iliyoiokoa ni benki ambayo mpaka leo sijawahi kukanyaga mlangoni kwake. Wenzangu wa mtaani wanadhani benki zile zinazomilikiwa na nchi nyingi kazi yake ni madaraja na mabwawa ya umeme tu. Hapana. Mie zilinikuta jikoni.

Sabuni yangu ni ya mawese. Zamani nilikuwaga nanunua mafuta kwa madalali, pipa leo, pipa kesho. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kongo akaja akaonja soko, akasema anataka malori ya sabuni, tena kila mwezi, na nikishindwa anahamia kwa mwingine. Kwa mapipa ya dalali usingeweza. Ilibidi niagize mwenyewe Malaysia. Muuzaji wa huko akasema sawa, ila benki yako itoe hati ya kunilipa mafuta yakishapakiwa melini. Benki yangu ikatoa. Jibu likarudi, la adabu kabisa: benki hiyo hatuijui.

Nilichukia! Benki yenye matawi mpaka Masasi, eti hawaijui.

"Kwani sie tunawajua wao?" nikamwambia mke wangu, ambaye ndiye msimamizi wa masufuria na wa wanawake wote wanaopika.

"Wao ndio wenye mafuta," akasema. Akaondoka.

Ofisa wa benki yetu, kijana wa tai, akaniita kunieleza dawa. Ipo benki kubwa, akasema, wanahisa wake ni nchi, na yetu imo. Hiyo Malaysia wanaijua. Itasimama nyuma ya hati yetu. Akaanza kunimwagia maneno ya kitabuni, nikamkatisha.

"Ngoja, braza. Unaniambia habari ya mshenga."

Akacheka. "Mshenga, mzee. Lakini huyu anawaambia wakwe, mahari isipofika, nalipa mimi."

Nimeshaona washenga wengi. Ndoa ikiyumba, simu zao hazipatikani. Huyu anabaki mpaka mwisho! Nchi na nchi zimekaa, zimechanga kama tunavyochangishana sie harusi, tena si kwa ajili ya kula pilau, bali ili jina lao litoshe kumsimamia mpika sabuni wa Temeke mbele ya mtu asiyejua Temeke iko wapi. Aliyebuni jambo lile, hata kama kasoma, ana akili.

"Ila mshenga anataka kuona nyumbani kwa bwana harusi," kijana akaongeza. "Wanatembelea wateja wachache wa benki yetu. Umo. Wewe fanya kazi kama kawaida."

Kama kawaida! Mtu wa Pwani hapokei mgeni kama kawaida.

Siku hiyo nikasimamisha kazi. Nikazima moto, nikafagisha kiwanja, nikakodi turubai na viti vyenye vitambaa. Wanawake wote nikawanunulia kanga za sare. Pilau ikapikwa kwenye masufuria ya kukodi, si yale ya sabuni. Na gari lilipofika getini, matarumbeta yakalipuka.

Akashuka kijana wa tai, kisha mama wa makamo, Mkenya, kavaa raba, begi mgongoni. Akatabasamu. Naapa hata bega alilichezesha. Nikamwongoza kwenye kiti cha mbele kabisa.

"Asante, baba. Mitambo iko wapi?"

"Imepumzika, mama. Leo ni siku yenu. Kwetu mgeni akija, kazi inasimama."

"Mimi nikikuta imesimama," akasema taratibu, "nitaandika imesimama."

Mafuta yaliyobaki hayakutosha kumaliza mwezi, Mkongo anasubiri, na mie nimekodi ngoma ya kuzikia kiwanda changu.

"Nilimwambia," mke wangu akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Anatafutaga sababu ya kuwa bwana harusi tena."

Wanawake wakaangua kicheko. Yule mama naye akacheka, lakini hakukaa.

"Washeni!" nikapiga kelele.

Wakajifunga sare zao vibwebwe, wakaingia kazini. Kuni zikashika, na moshi, ambao sie tulishauzoea, ukateremka ukaingia chini ya turubai. Mpiga tarumbeta akapaliwa katikati ya wimbo. Kijana wa benki akatoka nje akifuta macho. Mkenya yeye akaelekea ulikotoka moshi. Akatazama mikono mitupu ya wanaomimina kostiki, ile dawa inayoyageuza mafuta kuwa sabuni na ngozi kuwa kidonda. Akafuata maji machafu mpaka yalipotokea, uani kwa mzee jirani. Akauliza choo, akaonyeshwa. Kimoja.

Pilau alikula, tena akaongeza. Wakati wa kuaga akasema, "Sabuni nzuri, baba. Lakini hatuwezi kuisimamia sabuni inayowachoma wanaoipika. Rekebisha, nitarudi. Sitapiga simu."

Nilifura siku nzima. "Benki imefuata nini chooni kwangu?"

"Wewe ndiye usiyejua," mke wangu akasema. "Sie ndio tunaopanga foleni."

Nikajenga. Na mie nikijenga, najenga: dohani ya kutolea moshi, ndefu kuliko minazi ya mtaa, vyoo vyenye vigae, shimo la kuchujia maji, glavu na gambuti kwa kila mtu. Kufikia hapo tulikuwa tunapika kwa mafuta ya kuunga-unga, na Mkongo nimemtuliza kwa maneno matamu mpaka maneno yenyewe yamekaribia kuisha. Lakini kikohozi cha asubuhi kiwandani kilikoma, sikudanganyi. Na mzee jirani, ambaye shikamoo yangu alikuwa akiiacha ining'inie hewani, siku moja akaiitikia. Marahaba, nzima.

Mkenya akatokea wakati mbaya kuliko wote. Kostiki ndiyo inaingia, mwiko mkubwa ninao mie mwenyewe. Hapo ukiacha kukoroga, sabuni inakatika, mafuta yanajitenga juu, na mpiko mzima unakwenda na maji. Nikamwona mlangoni, raba zilezile.

Niwaambie ukweli: vyoo na dohani vilikuwa rahisi. Mie nimelelewa na mama aliyekuwa akimkaribisha hata mdai wake kiti kabla ya kumsikiliza. Mgeni kasimama mlangoni, macho yangu yameona, na mikono yangu haiachi mwiko! Jasho lililonitoka halikuwa la moto.

"Karibu, mama," nikasema. "Samahani, mkono siwezi kukupa. Wala kiti."

"Koroga, baba," akasema. "Koroga."

Mke wangu akamtupia glavu na gambuti. Akazivaa, akaja akasimama kando yangu mpaka sabuni ilipokaza. Hakuandika kitu. Alipoondoka hata maji ya kunywa nilisahau kumpa.

Hiyo aibu nilikaa nayo mpaka kijana wa tai aliponipigia. Mshenga kakubali. Malaysia wamekubali. Meli inapakia.

Nikamwambia mke wangu. Alikuwa anakata miche, hakuinua kichwa. "Sasa ndiyo uyaite matarumbeta."

Alikuwa ananikejeli. Nikayaita. Siku malori ya kwanza ya mafuta yalipopinda kona kutoka bandarini, wapigaji walipiga getini mpaka mzee jirani akatoka na fimbo yake kucheza. Ndani tuliwasikia vizuri sana. Ila masufuria yalikuwa motoni, na hakuna aliyeachia mwiko.